Sura ya Tisa: Kelele Katika Masafa ya Kola

Koplo Masila alikuwa na pua. Hata wewe unayo, lakini yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa ya kazi. Mkosaji akisimama karibu, pua ilimwasha. Alishawaambia hivyo wenzake kituoni, akamwambia mwenye hoteli ya chai sokoni Machakos, na asubuhi ile alikuwa anamwambia Madam Wavinya, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana iliyo kando ya barabara ya Kola.

"Madam, mimi sijawahi kukosea mtu," alisema, akivuta kiti. "Nikikaa na mkosaji kwa chumba moja, kabla chai ipoe nishamjua. Uliza OCS, mkuu wetu wa kituo."

"Si ndio maana nikaomba watume wewe tena," Madam Wavinya akasema. "Aki asante kwa kukuja. Nimeskia pikipiki imekusumbua."

"Imezima hapo kwa kona. Ni kitu kidogo."

Kweli, alikuwa ameisukuma mpaka getini, jasho likimtiririka ndani ya kofia. Kama siku zile nyingine alizotumwa kulinda mazoezi, aliizungusha nyuma ya bwalo, akashughulika nayo kidogo, kisha akaja ofisini akifuta mikono kwa leso. Kamanthe, mpishi wa shule, alimwekea chai ya maziwa na mandazi yaliyofura kama mashavu ya mpiga tarumbeta.

"Kunywa, mwana wakwa," Kamanthe alimwambia. "Mtu analinda watoto wa wenyewe hawezi kaa njaa."

"Asante, mwaitu," Masila akajibu, maana kwa Kikamba anayekuita mwanangu unamwita mama.

Kesi ilikuwa hivi. Alasiri hiyo wasichana wa shule hii walitakiwa kuzungumza kwa redio na mwanaanga aliye kwenye kituo cha anga, hicho kinachozunguka dunia kikiwa na watu ndani. Si kwa simu, si kwa intaneti. Redio yao, antena yao, juu ya paa la bwalo lao. Lakini katika kila zoezi, mtu fulani alikuwa akiwavuruga kwa kelele. Leo akivuruga tena, basi.

Aliyeleta mpango huo ni Mzee Faki, fundi wa redio na televisheni mjini Machakos, ambaye babu yake alitoka pwani na kanzu mbili akafungua duka karibu na msikiti. Faki alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ya wale wanaozungumza na dunia nzima kwa mapenzi tu, bila mshahara na mara nyingine bila ruhusa ya mke. Yeye na wenzake wa nchi mbalimbali ndio huratibu mambo haya: chombo kitapita wapi, mwanaanga gani ana nafasi, shule gani imejiandaa.

Masila alimkuta bwaloni, ameinamia redio mezani, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Mzee, nieleze kama mtu hajui kitu," Masila alisema.

"Na hujui?"

"Najua. Lakini nieleze."

Faki akacheka. "Afande wangu, chombo hiki hakisimami, hata kwa mgeni wa heshima. Kikichomoza upande wa Lukenya mpaka kizame upande wa Makueni, ni kama dakika kumi. Hizo ndizo zetu. Na yule mama aliye huko juu ana kazi zake. Hizi dakika ametutolea kwenye mapumziko yake. Mimi hata sijui nitamshukuru vipi."

"Kelele ikoje?"

"Kama nyuki ndani ya debe. Kwenye mazoezi hatusemi, twasikiliza tu sauti za kutoka juu. Nikija peke yangu siku za katikati, masafa ni safi kabisa. Tukija sote kwa mazoezi, zzzzz! Nimezima taa za bwalo, nimezima mapangaboi, wapi."

Masila akazunguka meza pole pole, mikono nyuma, kama alivyoona wakubwa wakifanya.

"Siku ulikuwa peke yako, chombo kilipita?"

"Kilipita."

"Na kelele haikulia."

"Haikulia."

"Basi kelele haifuati chombo. Inafuata watu. Kuna mtu anakuja nayo siku za mazoezi, akienda anaenda nayo."

Faki akavua miwani. "Subhanallah. Hilo sikulifikiria."

"Ndio nilitumwa," Masila alisema, akiiweka kofia sawa. "Sasa niambie, nani huwa hapa siku za mazoezi tu?"

"Madam yuko hapa kila siku. Wasichana wanalala hapa. Kamanthe pia. Wa kutoka nje ni Mwalimu Laban, wa shule ya wavulana ya ng'ambo." Faki akamtazama, akafikiri. "Halafu ni mimi na wewe."

"Mimi usinihesabu."

"Haya, sikuhesabu."

Na kwa nini ahesabiwe? Ni yeye aliyetoa amri, tangu zoezi la kwanza, kwamba kila simu na kila kidude chenye betri kiwekwe kwenye karai getini. Madam Wavinya alitoa simu yake. Faki alitoa simu na tochi. Laban alitoa simu, redio ndogo na saa. Mzazi mmoja aliyekuja kulipa karo alitoa hata kifaa chake cha kusikilizia, akakaa siku nzima akiitikia "ndio" kwa kila swali. Sheria ya Masila haikuchagua mtu. Labda mtu mmoja.

Mlango ukafunguliwa, msichana mrefu wa kidato cha nne akaingia. Huyu ni Mutanu, aliyechaguliwa kuuliza swali la kwanza.

"Sasa, Afande? Umemshika?"

"Tuko njiani."

"Njia ni ndefu ama fupi? Kwa sababu Mzee Faki lazima apige simu saa nane."

Masila akamgeukia Faki. Faki akaitikia kwa kichwa. "Saa nane niwaambie waratibu wenzangu: tuko safi, ama tumeshindwa. Tukishindwa, zamu inapewa shule ya nchi nyingine inayosubiri. Sisi twarudi mwisho wa foleni."

"Na ikifika tena, sisi Form Four tutakuwa tumeenda," Mutanu akasema. "Nimeenda Konza kwa shosho, nyanya yangu, nikamwambia nitaongea na mtu ako juu ya mawingu. Ameambia kanisa lote. Sasa nitarudi nimwambie aje, ati niliongea na nyuki?"

Kabla Masila hajajibu, redio ikakoroma. Zzzzzz. Sauti ya kukera, ya kung'ang'ania, kama mtu anayekwaruza sufuria akijua kichwa kinakuuma.

"Leo ameanza mapema," Faki akasema. "Nilipofika asubuhi palikuwa safi, nikaizima kupumzisha betri. Sasa nimeiwasha hivi, na tayari yupo."

Masila akatabasamu tabasamu la mwindaji. "Ameskia nimefika. Ameanza kuogopa."

*

Mwalimu Laban alikuwa juu ya paa, akikaza antena kwa waya. Masila alimwita chini. Laban akateremka ngazi kwa adabu, koleo mfukoni.

"Mwalimu, toa kila kitu kwa mfuko."

Koleo. Waya. Peremende mbili. Kitambaa.

"Hizi peremende ni za nani?"

"Zangu, Afande. Chukua moja."

Masila akachukua moja. Ushahidi. "Shule yako pia iliomba kuongea na hawa watu wa juu. Ni kweli?"

"Ni kweli. Hatukuchaguliwa."

"Ulijiskia aje?"

Laban akakunja kitambaa chake. "Vibaya. Siku hiyo sikukula."

"Ukaamua kulipiza."

"Nikaamua nikuje kusaidia, nijifunze kazi, halafu tuombe tena. Mzee Faki alinionyesha kufunga antena bila hata kuniuliza shilingi. Afande, mimi nashukuru huyu mzee sana."

"Kelele ikilia huwa uko wapi?"

"Hapo juu, nimeshika antena na mikono yote mbili. Nikiachilia inaanguka."

Jibu hilo lilikuwa zuri mno, na Masila hakuyapenda majibu mazuri mno. Akamshika Laban mkono, akamtoa getini, akamtembeza mpaka ng'ambo ya barabara, mbali kabisa. Kama kelele inakuja na mtu, mtu akitoka inatoka. Akageuka. Mlangoni mwa bwalo, Faki alikuwa akipunga kitambaa kama walivyopatana: bado inalia.

"Basi si wewe," Masila akasema, akivunjika moyo kidogo.

"Asante, Afande."

"Asante ya nini? Nimekushuku."

"Tangu tukose hiyo nafasi, wewe ndio mtu wa kwanza ameniuliza nilijiskia aje," Laban akasema, na machoni pake hapakuwa na utani.

Masila akamrudishia koleo lake. Akamwacha arudi paani. Yeye akabaki ng'ambo ile ya barabara, maana hapo ndipo alipokuwa mshukiwa wa pili: Mwinjilisti Musau, mwenye hema la maombi na spika nne kubwa zilizopangwa kama majeneza yaliyosimamishwa.

"Bwana asifiwe, Afande! Karibu!"

"Amina. Hizi spika zinawashwa siku gani?"

"Ah. Siku Mungu atajalia. Jenereta ilikufa."

"Ilikufa lini?"

"Kabla hao wasichana waanze mambo ya anga. Tunaimba na makofi tu."

Masila hakuwa mtu wa kuamini jenereta kwa maneno. Akaiinamia, akashika kamba, akavuta. Kimya. Akavuta tena. Akavua koti, akavuta mpaka bega likalia badala ya jenereta. Vumbi liliitoka ile mashine, na buibui mmoja akahama. Jenereta ilikuwa maiti, na maiti haina uwezo wa kuvuruga masafa.

"Mungu akubariki," Musau akasema, akimvisha koti na kumpangusa vumbi begani. "Hakuna mtu wa serikali amewahi kukuja kutuangalilia hii kitu. Hata ukishindwa, umejaribu. Wacha nikuombee."

"Niko na haraka, Mwinjilisti."

"Ni fupi." Musau akaweka kiganja juu ya kofia ya polisi. "Baba, huyu kijana anatafuta mtu. Mwonyeshe huyo mtu uso kwa uso, leo hii, bila kuchelewa. Amina."

"Amina," Masila akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akavuka barabara akiwa na wasiwasi. Washukiwa wote walikuwa wamemshukuru. Hakuna kitu kinachomchosha mpelelezi kama shukrani. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia.

*

Bwaloni, Faki alikuwa ameacha maneno akashika kazi. Alikuwa ameunganisha antena ndogo ya mkononi, iliyotengenezwa kwa futi ya chuma ya fundi, imekatwa vipande na kufungwa kwenye bomba la plastiki. Kutoka hapo waya uliingia kwenye redio ndogo.

"Hii ni ya nini?" Masila akauliza.

"Ya kunusia, Afande. Naigeuza huku na huku. Pale kelele inapozidi, ndiko inakotoka."

Pua ya Masila ikajisikia kama imetukanwa, lakini saa nane ilikuwa inakaribia. Madam Wavinya alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Nyuma yake wasichana walikuwa wamejipanga kimya, sketi zimepigwa pasi, kila mmoja na swali lake kichwani. Hakuna aliyekuwa akinong'ona. Ukimwona msichana wa sekondari hanong'oni, jua mambo ni mazito.

Faki akaelekeza antena getini. Kelele ikapungua. Akaielekeza barabarani, ikapungua zaidi. Akazunguka taratibu, ofisi, madarasa, mabweni. Alipoielekeza nyuma ya bwalo, ikanguruma.

Wakafuata. Hatua baada ya hatua, Faki mbele na futi yake, Masila pembeni, shule nzima nyuma kama msafara wa arusi isiyo na bibi arusi. Wakapita jiko. Wakapita tangi la maji. Kelele ikapanda, ikapanda, mpaka wakasimama mbele ya stoo ya chakula, ambayo ukuta wake unagusana na bwalo. Waya wa antena ulishuka ukutani hapo hapo, karibu uguse dirisha.

"Yumo humu," Faki akanong'ona.

Masila akachomoa rungu. "Rudini nyuma wote. Hii inaweza kuwa hatari."

"Afande, usiende peke yako," Madam Wavinya akasema.

"Madam, hii ndio kazi."

Na wasichana wakamwangalia kwa macho ambayo hakuna mtu alikuwa amewahi kumwangalia nayo, hata mama yake.

Akasukuma mlango kwa teke, ingawa ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na giza la ubaridi na harufu ya mahindi. Magunia. Madebe ya mafuta ya kupikia. Madawati yaliyovunjika miguu. Akapita katikati yake rungu likiwa juu, akazunguka gunia la mwisho, akamwona mkosaji.

Alikuwa amekaa juu ya stuli, chini ya dirisha. Mweusi, mfupi, nyaya mbili kichwani. Kando yake, chaja ya bei rahisi iliyonunuliwa kwa mchuuzi wa stendi, taa yake ya kijani ikikonyeza, ikiimba zzzzzz kwa furaha.

Ilikuwa betri ya pikipiki ya Koplo Masila.

Aliiweka hapo mwenyewe, dakika chache tu baada ya kufika. Aliiweka hapo kila siku ya mazoezi. Kule alikopanga chumba, tokeni za umeme zilikuwa zinaisha kabla ya wiki, na betri ilikuwa inazeeka. Umeme wa shule ulikuwa mwingi, na soketi ya stoo ilikuwa haina mwenyewe. Karai la getini halikumjia akilini hata mara moja. Karai lilikuwa la raia.

Masila akashusha rungu. Akatazama nyuma ya betri, pengine kuna mwingine. Akatazama chini ya stuli. Akafungua gunia moja. Maharagwe.

Akachomoa chaja.

"Imenyamaza!" Faki akapiga kelele nje.

Mpelelezi mzuri huhakikisha. Akaichomeka tena.

"Imerudi!" wasichana wakalia.

Akachomoa.

"Imenyamaza! Alhamdulillahi!"

Hapakuwa na haja ya jaribio la tatu. Masila akafungua koti, akaisukuma betri kwapani, chaja mfukoni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Akaifunga betri kwenye pikipiki upesi upesi. Kisha akazunguka jengo na kutokea mbele, kofia imekaa upande, pumzi juu, na uso wa mtu aliyepigana.

"Yuko wapi?" Madam Wavinya akauliza.

Kulikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa fupi. Masila akalitazama, akalitazama tena, akawatazama wale wasichana waliokuwa wanamsubiri kama mvua. Akachukua lile lingine.

"Amenitoroka. Kijana hivi, jaketi nyekundu. Ameruka seng'enge hapo nyuma na mashine yake. Lakini hawezi rudi. Nimemwonyesha."

Faki hakuwa na muda wa kumtafuta mtu wa jaketi nyekundu. Alikuwa tayari anakimbia kwenda kuchukua simu yake karaini, upindo wa kanzu ameushika mkononi. Wakamsikia akisema, kwa Kiingereza cha haraka na cheko ndani yake, kwamba Machakos wako safi, narudia, Machakos wako safi.

*

Kilipochomoza upande wa Lukenya hakuna aliyekiona, jua lilikuwa kali. Lakini Laban, paani, aliigeuza antena kama mtu anayegeuza mtoto aliyelala. Faki akabonyeza kitufe, akataja jina la redio yake, zile herufi na tarakimu za leseni, akaita kituo cha anga.

Mvumo mtupu.

Akaita tena.

Mvumo ukapasuka, na sauti ya mwanamke ikaingia bwaloni kama mtu aliyebisha hodi. Alikuwa anawasikia. Wazi kabisa, alisema. Hakuna kelele hata kidogo.

Madam Wavinya akaketi chini, hapo alipokuwa, bila kutafuta kiti.

Mutanu akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Swali lake alikuwa amelikariri mpaka anaota nalo.

"Huku kwetu, mtu akikusaidia haondoki mikono mitupu. Huko juu hakuna kuku, hakuna shamba. Mwenzako akikusaidia, unampa nini? Ova," akamalizia, neno la redio la kumpa mwenzako zamu ya kusema.

Kicheko kikashuka kutoka angani, kikiwa na mikwaruzo kidogo. Mwanaanga akasema kwamba mara nyingine anatoa chokoleti yake, na shukrani ikiwa kubwa sana, anamsafishia mwenzake choo siku ya zamu yake. Bwalo zima likaangua kicheko. Mwingine akauliza wanalala vipi bila kuanguka. Mwingine akauliza nywele huoshwaje. Mwingine alisahau swali lake kabisa akasema tu "Habari ya huko?", na akajibiwa kwa heshima zote kwamba huko ni kuzuri, kwamba wakati huo huo alikuwa anaona theluji ya Kilimanjaro mbali kusini, na mawingu madogo juu yao kama pamba iliyomwagika.

Sauti ilipoanza kufifia, upande wa Makueni, mwanaanga akawaambia kuwa waratibu walimfundisha neno moja la huku. Akalijaribu pole pole: "Ni muvea muno."

Asante sana, kwa Kikamba, kutoka mahali ambapo Kikamba hakijawahi kufika. Wasichana wakapiga yowe mpaka kuku wa Kamanthe wakatawanyika. Faki akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mutanu alikuwa bado ameshika kipaza sauti, akilia na kucheka bila kuchagua.

Masila alisimama mlangoni. Alitoa leso akafuta macho. Alijiambia ni vumbi la jenereta.

*

Huku Ukambani mtu akisaidia watoto hatoki hivi hivi. Madam Wavinya aliwapanga wasichana uwanjani, chini ya bendera, akamwita Koplo Masila mbele.

"Tumpatie makofi ya kilo!"

Wakampa. Moja, mbili, tatu, na lile moja zito la mwisho.

"Tummwagie maua!"

Mikono mia ikapepea hewani, vidole vikicheza, wakamrushia maua yasiyoonekana: fyuuuu!

Laban akamshika mkono. Faki akamkumbatia, akasema kwamba redio amezifanyia kazi maisha yake yote lakini leo ameona kazi ya polisi, na kwamba atawaambia waratibu wenzake katika kila nchi jina la Koplo Masila wa Machakos. Halafu Mutanu akaja na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge, akampa kwa mikono yote miwili na kupiga goti kidogo.

"Shosho atakuombea, Afande. Nitamwambia ni wewe."

"Sema neno, Afande," Madam Wavinya akamwambia.

Alitaka kusema fupi. Lakini jogoo mikononi humfanya mtu aongee.

"Mimi nilifanya tu kazi. Huyo kijana alikuwa mkubwa kuniliko. Tuliangaliana uso kwa uso. Nilimkimbiza mpaka kwa seng'enge, akaruka, jaketi ikashikwa na waya, ikapasuka kidogo hapa. Kama si hiyo seng'enge, saa hii tungekuwa na yeye."

"Woooi!" wasichana wakasema.

"Kuna mwingine ana neno la shukrani?" Madam Wavinya akauliza, maana shukrani huku haifungwi na mtu mmoja.

Mkono ukainuka nyuma kabisa. Kamanthe akaja mbele akipangusa mikono kwenye aproni, uso wote ukiwa tabasamu.

"Mimi nashukuru Mungu," alianza, kama anavyoanza kanisani. "Na nashukuru huyu kijana. Mniskize. Leo nimekaa hapo nyuma ya stoo, kwa hiyo seng'enge yenyewe, nachagua maharagwe. Nimeegemea nguzo. Tangu chai ya saa nne mpaka hii redio iongee, sijatoka hapo."

Jogoo akajipindua mikononi mwa Masila. Akamkaza.

"Sasa nikiskia ati kuna mtu aliruka hapo, mwili wote umesisimka. Alipita juu ya kichwa yangu na hakunikanyaga! Hata maharagwe hakumwaga! Si huyo ni Mungu?"

Wasichana wachache wakaanza kupiga makofi, wakaacha. Mutanu alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza mvumo ukipasuka. Laban alikuwa anatazama viatu vyake. Faki alikuwa amevaa miwani yake tena, na kupitia kwayo alikuwa anamtazama Koplo Masila kwa upole mwingi sana.

"Lakini mwana wakwa," Kamanthe akaendelea, akimgusa mkono kwa mapenzi, "huyo wa jaketi nyekundu mimi sikumwona. Niliona wewe. Umetoka na mlango ya nyuma mbio, umeficha betri kwa koti. Nikasema huyu mtoto ameiba nini tena? Halafu nikaona unafungia pikipiki yako, nikasema, ah, kumbe ni yake."